Hita ipi ununue kabla ya baridi ya Juni

Niliripoti kazini Njombe mwezi wa tano nikiwa na blanketi moja la Dar na kiburi. Ilipofika katikati ya Juni, mafuta ya kupikia yalikuwa yameganda kwenye dumu hadi nikayachota kwa kijiko, na sakafu ya saruji alfajiri haikanyagiki bila soksi mbili. Nikakimbilia dukani, nikachukua hita ya kwanza niliyoonyeshwa: ndogo, ya feni, wati 2,000. Usiku wa tatu luku ikaanza kulia.

Tupige hesabu kwanza, maana muuzaji hatakupigia. Wati 2,000 ni uniti 2 kila saa. Ukiwasha saa tano kwa usiku, ni uniti 10. Kwa tarifu ya kawaida ya majumbani uniti inakaribia shilingi 357 pamoja na kodi, kwa hiyo mwezi unavuka laki moja kwa hita peke yake. Walio kwenye tarifu ndogo ya uniti 75 kwa mwezi watazimaliza kwa siku nane, hata kabla ya kupiga pasi.

Jambo la pili: boksi likiandikwa "inaokoa umeme", liache liseme. Hita za kawaida za umeme, iwe ya feni, ya mafuta au ya vioo vyekundu, uniti moja inatoa joto lilelile. Tofauti ni joto hilo linaenda wapi na linakaa muda gani.

Ndiyo maana namba moja yangu hata si hita. Ni shuka la umeme, lile linalotandikwa juu ya godoro, chini ya shuka la kawaida. La mtu mmoja mara nyingi halizidi wati 100, kwa hiyo usiku mzima wa saa nane haumalizi uniti moja. Unapasha mwili, unaachana na kuta. Tafuta lenye kujizima lenyewe, na lenye waya unaochomoka ili ulifue. Usilikunje likiwa limewaka, na usimlazie mtoto mchanga wala mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni, maana ataungua bila kujua. Umeme ukikatika, chupa ya mpira ya maji moto inashika zamu.

Namba mbili ni hita ya mafuta, ile yenye mapezi ya chuma na magurudumu. Watu huuliza mafuta yanajazwa lini. Hayajazwi, yamefungiwa humo yapokee joto na kulitoa taratibu, hata baada ya kuzima. Haina kelele wala haikaushi koo kwa upepo. Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4 chenye dari kinatosheka na wati 1,500. Cha kuangalia dukani ni themostati, kile kinachokata umeme joto likitosha: zungusha kitufe, usikie kikigonga "tik" kinapokata. Isiyo nayo iache hapohapo. Nyumbani ichomeke moja kwa moja ukutani. Mimi niliichomeka kwenye ekstensheni ya bei rahisi; wiki ya pili nilipoichomoa plagi ilikuwa na rangi ya chai na inanuka mpira.

Anayejenga namshauri jiko la chuma la kuni lenye mlango na bomba la kutoa moshi juu ya paa. Si ile dohani ya wazi ya nyumba za wamishonari, ambayo sehemu kubwa ya joto lake inapaa na moshi. Kuni za miwati au milingoti zikikauka vizuri zinawaka muda mrefu. Paina ina utomvu, na ikichomwa kabla haijakauka inajaza masizi kwenye bomba, na masizi yale siku moja hushika moto.

Hita ya gesi nimeiweka ya nne. Mtungi wa kilo 15 una joto sawa na takriban uniti 190 za umeme, yaani kama shilingi 68,000 kwa luku; linganisha na bei ya mtungi mtaani kwako. Lakini inakula hewa ya chumbani na kutoa mvuke, vioo vinalia maji asubuhi. Ni ya sebuleni, dirisha likiwa wazi kidogo, na usilale nayo.

Kiyoyozi kinachopasha joto kwa kweli ndicho kinachookoa umeme, kwa kuwa kinavuta joto la nje na uniti moja huweza kuzaa tatu. Bei ya kununua na kufunga ndiyo iliyonishinda. Na vingi vinavyouzwa Dar vinapoza tu. Angalia rimoti kama ina alama ya jua.

Hita ya feni ni ya mwisho, dakika kumi za kuvaa, basi.

Jiko la mkaa silipangi. Wengi wanaamini likishawaka jekundu bila moshi ni salama kuliingiza chumbani. Gesi inayoua ni kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na mkaa mwekundu usio na moshi unaitoa vilevile. Aliyelala haamki kufungua mlango.

Kabla hujatoa hela yoyote, usiku wenye upepo washa mshumaa, upitishe chini ya mlango na pembeni mwa madirisha. Pale mwali unapolala, ziba. Kwangu kizibo kilikuwa kanga kuukuu iliyoviringishwa.