Misa 30 za Mt. Gregori kwa marehemu baba: huduma ya wamonaki nimeikubali

Nyie mnaoulizia kila ikikaribia Novemba wapi mtu anapeleka Misa 30 za Mtakatifu Gregori, mi nimepeleka za marehemu baba kwa wamonaki (watawa wanaoishi monasterini) wa huku kusini na nimeridhika sana, kasoro ni moja tu, ya simu, nitaieleza.

Kwanini monasteri na sio parokiani? Hizi Misa zinatolewa siku 30 mfululizo kwa marehemu mmoja, na kila Misa padre anapokea nia moja, yaani ombi la kumwombea mtu fulani, na sadaka yake, sasa parokia yenye padre mmoja au wawili wataipata wapi nafasi hiyo, leo jumuiya imeleta nia, kesho kuna mazishi, na Jumapili paroko anadaiwa Misa ya waamini wake wote. Monasterini mapadre ni wengi wanapokezana, maana sio lazima awe padre yuleyule wala altare ileile, cha msingi siku zisikatike. Na hata padre akiugua ghafla, tangu 1967 Roma ilishasema hazianzwi upya, zinamaliziwa zilizobaki mapema iwezekanavyo.

Kilichonigusa zaidi ni mapokezi. Bruda wa ofisini ana daftari kubwa la jalada gumu, safu ya jina, ya siku ya kuanza, ya kumaliza. Kaniuliza jina la ubatizo la baba, halafu kwa upole, "Mama, huyu mzee ameshatangulia?" kwa sababu Misa za Gregori ni za marehemu tu, aliye hai anaombewa kwa Misa za kawaida. Nikasema ndio. Akaweka kalamu chini, akasali palepale "Raha ya milele umpe ee Bwana", nikaitikia "na mwanga wa milele umwangazie", ndo akaandika. Jamani, kuna mahali niliwahi kuandikisha nia karani hata usoni hakunitazama, na siku ya Misa jina la baba likasomwa ndani ya orodha ndefu ya watu. Nia za kuchanganya katika Misa moja ziliruhusiwa 1991, ila lazima mtoa sadaka awe ameambiwa na amekubali. Mi sikuambiwa, na iliniuma.

Halafu bruda akanisimulia chimbuko la Misa hizi. Gregori, aliyekuwa Papa 590 hadi 604, alikuwa na mmonaki kule Roma anaitwa Justus, akafa akiwa ameficha sarafu 3 za dhahabu kinyume na kanuni ya monasteri, ambako mmonaki hana mali yake binafsi. Gregori akaagiza sadaka ya Misa itolewe kwa ajili yake siku 30, na baadaye Justus akamtokea ndugu yake Copiosus kumwambia sasa yuko salama. Baba yangu naye hela ilimshika sana, aligombana na wadogo zake kwa ajili ya shamba mpaka anaingia kaburini, kwa hiyo pale nililia na nikajua nimefika panapostahili.

Sasa ile kasoro. Simu yao asubuhi haipokelewi kabisa, na meseji ya tarehe ya kuanza ilichelewa, ndugu zetu walioko mbali wakakosa siku za mwanzo za kusali pamoja nasi. Usiondoke ofisini bila kuandikiwa tarehe.

Kuhusu sadaka, kiwango cha Misa moja wanapanga maaskofu wa eneo lenu, ulizia kisha zidisha mara 30. Kama huna, muone paroko bila aibu, sheria ya Kanisa inawahimiza mapadre waadhimishe kwa nia za maskini hata bila sadaka. Na tarehe 1 hadi 8 Novemba nenda makaburini ukamsalie marehemu wako, ungama, komunika, salia nia za Baba Mtakatifu, jitenge na kila dhambi, rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu zote za dhambi zake, anaipata yeye na hulipi hata senti.