Seli za Sf9: nimezitumia miezi 6, maoni yangu haya hapa

Wakuu kama unataka kuona risepta za homoni za wadudu (protini za seli zinazopokea ujumbe wa homoni) zinavyoendeshwa ndani ya seli, chukua Sf9, seli za mdudu zinazokuzwa maabara, usihangaike. Zilitolewa zamani huko Marekani kwenye ovari za kiwavijeshi vamizi, huyu huyu aliyeingia Afrika 2016 akatumalizia mahindi, angalau huku maabara analipa deni. Hazitaki CO2, nyuzi 27 zinatosha.

Sisi tuliweka risepta ya AKH, ile homoni inayofungua akiba ya mafuta mdudu akitaka kuruka, tukaiunganisha na GFP, protini inayong'aa kijani. Sasa mwaga homoni uone, ule ukijani unatoka kwenye utando wa seli unazama ndani vidoti vidoti, yani risepta ikishaamka vimeng'enya vinaibandika fosfeti, protini iitwayo arestini inaikamata, nyingine iitwayo klathrini inaivuta ndani ili seli isiendelee kupigiwa kelele, aisee nilikaa kwenye hadubini mpaka chai ikapoa. Osha homoni, subiri, risepta nyingine zinarudi juu kabisa.

Kilichoniudhi ni msambazaji, kichupa kilifika barafu imeshayeyuka, nusu ya seli zimekufa, na midia (maji ya virutubisho ya kukuzia seli) bei yake imechangamka mno. Nyota 4, hiyo moja nimemkata yeye.