Mzee wa Fidla na Sanduku la Mjukuu: Tathmini ya Mchezo wa Kusikiliza kutoka Unguja

Mchezo huu wa sehemu sita niliununua sokoni Darajani kwa shilingi 10,000, ukiwa ndani ya memori kadi, na nimeusikiliza mara tatu kabla ya kuuandikia. Umetengenezwa na wanamuziki wa taarab na wa kidumbak, muziki wa ngoma wa arusini, wa hapa Unguja wakishirikiana na waigizaji wachache, na kila sehemu ina dakika zipatazo 25. Sisi tuliokulia michezo ya Radio Tanzania Dar es Salaam tulizoea muziki wa kufungua, muziki wa kufunga, na vipande vya kututoa nyumbani kwa fulani kutupeleka sokoni. Hapa muziki umebebeshwa kisa chenyewe. Kasoro kubwa ya mchezo, nitakayoifikia, imetokana na watengenezaji kutouamini muziki huo pale ulipokuwa umekwisha kusema kila kitu.

Mhusika mkuu ni Mzee Shaame, mpiga fidla wa klabu ya taarab ya mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, ambaye amepita miaka sabini na anaanza kupoteza usikivu. Anamficha mkewe, Bi Mwanaidi, anawaficha wenzake wa klabu, na anamficha mjukuu wake Suleiman, ambaye hupiga sanduku la besi katika kidumbak cha mtaani. Mzee anakidharau kidumbak, na dharau hiyo ina historia. Taarab ya vilabu, ile ya mkondo wa vilabu kama Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, iliyoasisiwa mwaka 1958, husikilizwa kwa kuketi, na aliyeguswa na ubeti huinuka taratibu kwenda kumtunza mwimbaji. Kidumbak ni cha uani na arusini, cha kusimama na kucheza: fidla moja, sanduku la besi lenye uzi mmoja, vidumbaki viwili, yaani ngoma ndogo, mkwasa, vijiti vya kugonganisha, na cherewa, aina ya manyanga. Nyimbo zenyewe mara nyingi ni zile zile za taarab, zimeharakishwa na kuunganishwa bila kituo, na wapigaji wengi wa vilabuni walijifunzia huko. Mzee Shaame naye alianzia huko, tunakuja kujua katika sehemu ya pili, na ndilo jambo analolionea haya kuliko uziwi wenyewe.

Ushirikiano wa makundi haya mawili umezaa jambo ambalo sikulitarajia. Sehemu ya kwanza inafunguliwa kwa bashraf, kipande cha ala tupu kisicho na uimbaji, iliyopigwa kikamilifu, kwa kanuni (ala ya nyuzi nyingi), udi, nai (filimbi), fidla kadhaa, akordioni, dabo besi, dumbaki na rika (tari yenye njuga). Bashraf hiyo hiyo inarudi katika kila sehemu, lakini kila inaporudi tunaisikia kwa masikio ya mzee. Masikio ya uzeeni kwa kawaida hupoteza sauti nyembamba kwanza, na wanamuziki wamelifuata jambo hilo kwa uaminifu mkubwa. Njuga za rika zinatoweka. Nai inafuata. Nyuzi za juu za kanuni hazilii tena, zinabaki kama vidole vinavyogonga ubao mkavu. Kisha ugonjwa unaingia katika maneno: herufi za s, f na sh zinamtoka Bi Mwanaidi kinywani bila kufika, naye anapoulizia sufuria mzee anamjibu habari za uvuli wa mwembe. Msimulizi yuko kimya, hakuna anayetueleza kinachotendeka, na sisi tunakaa na aibu ya mzee kabla mkewe hajaigundua.

Sehemu ya nne ndiyo iliyonifanya niusikilize mchezo mara ya pili. Kuna arusi kwa jirani, kidumbak kinapigwa uani, na Mzee Shaame amekaa barazani kwake akiegemea ukuta. Kinachomfikia ni mdundo wa kidumbaki kile chenye sauti nene na ngurumo ya sanduku la mjukuu wake, vyote vikipita ukutani na sakafuni. Ni mara ya kwanza baada ya miezi mingi kusikia kitu kizima kisichokatika. Anaitambua nyimbo kwa mwendo wa besi peke yake, na hapo ndipo inapoingia fidla, safi, karibu mno, fidla ambayo haipigwi popote isipokuwa kichwani mwake. Kwa muda wa dakika mbili hivi hakuna neno linalosemwa. Mpigaji wa fidla hiyo hakuitia madoido. Ameipiga kama mtu anayekumbuka, akikosea kidogo na kurudi.

Sehemu ya tano ikafunguliwa kwa msimulizi kutuarifu kwamba kile alichokidharau mzee ndicho kilichombakia. Niliumia kuisikia sentensi hiyo. Msikilizaji aliyekaa barazani na mzee usiku kucha hahitaji kuambiwa alikuwa wapi, na baada ya hapo msimulizi hanyamazi tena hadi mwisho. Ugomvi wa mzee na mkewe, ambao umeandikwa vizuri, umetandikiwa kinanda cha umeme cha huzuni ilhali sauti ya kijiko katika kikombe cha chai ilikuwa imetosha.

Katika uigizaji, Bi Mwanaidi ndiye nguzo. Kiunguja chake kinatiririka bila kujitazama, na hasira yake haipandishi sauti hata mara moja. Anayemwigiza Suleiman ni mwimbaji wa zenji flava, muziki wa vijana wa Zanzibar, na katika sehemu tatu za mwanzo anasikika kama anayesoma karatasi; lakini katika sehemu ya sita, anapozungumza na babu yake huku mkono wake uko kwenye uzi wa sanduku, ulimi unafunguka na umri wake unasikika.

Jambo moja la lazima kwa mnunuzi: msiusikilize mchezo huu kwa spika ya simu. Spika ndogo haziwezi kutoa sauti nene, na katika sehemu ya nne sauti nene ndiyo kisa. Nilipoujaribu kwa simu, sanduku lote lilipotea, nikabaki na mzee aliyekaa kimya barazani kwa dakika kadhaa bila sababu. Tumieni visikilizi vya masikioni au redio yenye spika kubwa. Pia kiwango cha sauti hakilingani kati ya sehemu moja na nyingine, kwa hiyo mkono uwe karibu na kitufe, hasa sehemu ya tatu inapoanza.

Iwapo mchezo huu utatolewa upya, nawaomba wamwondoe msimulizi katika sehemu ya tano na ya sita na kuacha kila kitu kingine kama kilivyo. Hata sasa, pamoja naye, shilingi 10,000 zangu nimezitoa tena kumnunulia kaka yangu aliyeko Pemba, ambaye alipiga mkwasa ujanani.