Seti ya kuchapa mito kwa sablimesheni: presi ya 38 × 38 na Epson L1800 kwa duka dogo la Lubumbashi

Seti tunayoipima hapa ina vitu viwili: presi ya joto ya bapa ya sentimita 38 kwa 38, ile inayofunguka kama mdomo wa mamba, na printa ya Epson L1800 iliyojazwa wino wa sablimesheni mahali pa wino wake wa picha. Kwa duka dogo la komini ya Kenya, Katuba au Kamalondo hapa Lubumbashi linalotaka kuchapa mito ya saloni, yaani ya sebuleni, na ya harusi, printa inastahili fedha yake, na presi inatosha ukiijua mipaka yake. Foronya za nyongeza ambazo wauzaji hupenda kutia ndani ya katoni ndizo za kutilia shaka kwanza.

Wino huu haukai juu ya kitambaa. Bamba la moto la presi likikaribia digrii 200 za Selsiasi, rangi iliyo kwenye karatasi inageuka mvuke bila kuyeyuka kwanza, nyuzi za poliesta zinalegea kwa joto na kuipokea, kisha zikipoa zinaifungia ndani. Ndiyo maana ukipapasa picha husikii chochote mkononi. Pamba haina mlango huo. Foronya ya pamba inapendeza kiasi mteja akiwa bado dukani, lakini ikifuliwa mara chache inabaki na kivuli tu. Ya nusu kwa nusu inapauka tangu siku ya kwanza. Usiamini lebo: vuta nyuzi chache kwenye mshono wa ndani, uziwashe. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Jaribio hilo la nusu dakika huokoa dazeni nzima ya foronya.

Rangi ya foronya nayo ni jambo. Printa haina wino mweupe, kwa hiyo weupe wote wa picha ni weupe wa kitambaa. Kwenye foronya ya krimu, gauni la bibi harusi litakuwa la krimu, na hakuna programu itakayolirekebisha.

Printa tunaisifu bila kusita. Kichwa cha Epson kinasukuma wino kwa kipande kidogo kinachojikunja kikipitiwa na umeme, hakiuchemshi. Printa nyingi za HP na Canon zinarusha wino kwa joto, ndiyo sababu hazifai kwa kazi hii. L1800 ina matangi 6 ya rangi na inachukua karatasi ya A3+, yaani sentimita 32.9 kwa 48.3. Nunua ile ambayo haijawahi kutiwa wino wa kawaida, maana masalia ya wino ule kwenye mirija yanaharibu rangi kwa kurasa nyingi. Ujue pia kwamba ukishabadilisha wino, usitegemee tena garantii ya kiwanda.

Muuzaji wa wino akupe na faili ya wasifu wa rangi inayolingana na wino wake. Bila hiyo, nyeusi inatoka na ukijani au hudhurungi, na ngozi ya watu inakuwa nyekundu kupita kiasi. Usihukumu rangi kwa kutazama karatasi: kabla ya kubanwa huwa imepauka, na hilo ni la kawaida.

Adui mkubwa wa kichwa cha printa huku kwetu ni kiangazi. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ni kavu, vumbi jekundu linaingia kila mahali, na wino unagandia kwenye matundu. Chapa ukurasa mdogo wenye rangi zote 6 kila baada ya siku mbili, hata kama hakuna oda, na ifunike printa kwa kitambaa jioni. Mvua zikianza tatizo linageuka: karatasi na foronya zinanyonya unyevu, na picha inatoka na madoadoa. Karatasi ikae ndani ya mfuko uliofungwa, na kila foronya ibanwe tupu kwa sekunde 10 ili itoe unyevu kabla ya kupewa picha.

Sasa presi. Kwanza angalia kama kioo chake kinasoma Selsiasi au Farenhaiti. Anayeandika 200 kwenye kioo cha Farenhaiti anabana kwa digrii 93 za Selsiasi, picha haihami, na lawama zinaangukia wino. Kwa foronya ya poliesta anza na digrii 195 hadi 200, sekunde 50 hadi 60, mkandamizo wa wastani. Picha ikififia, ongeza sekunde 10 kabla ya kugusa joto. Kitambaa kikiwa cha manjano au kikianza kung'aa, umezidisha.

Umeme ukishuka, presi inaumia kimya kimya. Waya wake wa joto ukiandikwa wati 1,800 kwa volti 220, kwa volti 180 unatoa kama wati 1,200 tu. Bamba litafika digrii 200 hatimaye, lakini kila ukiweka foronya baridi linachelewa kurudi. Ngoja namba ipande tena kati ya mto na mto, la sivyo wa tano hautafanana na wa kwanza. Wakati wa delestaji, yaani mgao wa umeme, jenereta ndogo ya wati 1,000 haiiwezi presi hii, usijaribu.

Kasoro halisi ya umbo la mdomo wa mamba ni kwamba kitu kinene kinabanwa zaidi nyuma kuliko mbele. Foronya ina zipu na mishono, na vikibaki chini ya bamba vinainua bamba, joto lisifike katikati. Tia ndani ya foronya mto bapa wa silikoni au sponji ya kustahimili joto wa 35 kwa 35, zipu na mishono ining'inie nje. Juu ya huo mto, bado ndani ya foronya, weka karatasi nyeupe tupu, kwa sababu mvuke wa rangi unavuka kitambaa. Pitisha rola ya kunata kuondoa vumbi: uzi mmoja wa nguo nyingine huacha mstari wa buluu usiofutika. Picha iwe imegeuzwa kama ya kwenye kioo, ishikwe kwa utepe wa kustahimili joto pande mbili, na juu yake karatasi nyingine safi. Muda ukiisha, fungua polepole na uinue karatasi mara moja ikiwa bado na moto. Ikiteleza hata milimita mbili wakati mvuke ungali unatoka, sura zinakuwa na kivuli pembeni.

Alama ya mraba inayobaki kwenye kitambaa ni makali ya karatasi. Chana kingo zake kwa mkono badala ya kuzikata kwa mkasi, na upunguze mkandamizo.

Kuhusu ukubwa, mwambie mteja ukweli mapema. Kwa foronya ya 40 kwa 40, seti hii inatoa picha ya 30 kwa 30 iliyo safi, na pembeni panabaki peupe. Picha ya duara au yenye kingo zinazofifia inaficha jambo hilo vizuri kuliko mraba. Anayetaka kitenge kijae mto mzima anahitaji presi ya 40 kwa 60 na printa pana zaidi.

Mpe pia maelezo ya kufua: ageuze ndani nje, maji ya vuguvugu, bila javeli (dawa ya kung'arisha nguo), pasi ya moto mdogo, na mto usikae juani kwenye baraza.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na kitambaa cheupe cha poliesta na ukurasa wa A3+ uliochapwa rangi moja ya kijivu kote. Mwombe muuzaji apashe presi hadi 200, asubiri dakika 10, abane sekunde 60. Kona ya sehemu iliyokuwa chini ya bamba ikitoka imepauka kuliko katikati, bamba lina sehemu baridi, omba nyingine.