Pikipiki ya safari ndefu, mpya au iliyotumika: soma tarehe ya tairi kwanza

Kona za Nyang'oro, ukitoka Mtera kwenda Iringa, ndizo zilizonifundisha kusoma tairi. Ilikuwa Desemba 2021. Mvua ya kwanza ilikuwa inadondoka kidogokidogo, ile inayochanganyika na vumbi na oili za malori mpaka lami inateleza kama imemwagiwa mlenda. Sikuwa na mbio, nilikuwa kwenye kilomita 50 kwa saa. Gurudumu la nyuma likachomoka pembeni, pikipiki ikalala, nami nikaburuzika hadi ukingoni. Nilivunjika mkono wa kushoto. Lori lililokuwa likinifuata lilikuwa bado mbali, namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo.

Pikipiki yenyewe nilikuwa nimeinunua Dar es Salaam miezi miwili kabla, kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Kwenye dashibodi ilisoma kilomita 3,800 tu. Dalali alikuwa na maneno yale yale: dada, hii haijatembea, injini haijafunguliwa, washa uondoke. Matairi yalikuwa meusi, yanang'aa, kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) zimejaa. Nililipa bei ya juu kwa sababu ya hizo kilomita chache, nikaona nimepata pikipiki mpya kwa bei ya iliyotumika.

Baada ya ajali fundi wangu wa Majengo, hapa Dodoma, alipiga magoti, akasugua ubavu wa tairi la nyuma kwa kitambaa chenye petroli, akaniita nisome mwenyewe. 2210. Wiki ya 22 ya mwaka 2010. Nilikuwa nimepanda mlima juu ya mpira wenye miaka 11.

Nimeamua kuandika haya sasa kwa sababu dada mmoja wa Nkuhungu kanitumia picha za Suzuki V-Strom anayotaka kuinunua, na swali lake ni lile ninaloulizwa kila mwezi: nichukue mpya au iliyotumika kidogo? Kwenye picha nane alizonitumia, hakuna hata moja iliyopigwa ubavu wa tairi.

Sitazungumzia nguvu za injini wala rangi. Kukagua kadi, kubadilisha jina TRA na kuangalia kama kuna faini zinadaiwa, hayo yanajulikana. Ninachotaka ukijue ni umri wa mpira.

Kila tairi lina neno DOT ubavuni, na mwisho wa mlolongo wa herufi hizo kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3519 maana yake lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarehe iko upande mmoja tu, na mara nyingi ndiyo ule upande wenye mnyororo au ekzosi, kwa hiyo beba tochi na uwe tayari kuchafuka. Soma la mbele na la nyuma kila moja peke yake, maana huweza kupishana miaka. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, usilipande hata kwenda dukani.

Michelin, watengenezaji wa matairi, wao wanashauri tairi likaguliwe na mtaalamu kila mwaka baada ya kutimiza miaka 5 ya matumizi, na libadilishwe likifika miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama linaonekana zima. Mimi kwa jua la Dodoma sisubiri huko. Miaka 6 ikifika natoa.

Sababu ni hii. Mpira wa tairi huchanganywa na nta na dawa za kuukinga dhidi ya ozoni iliyo hewani. Tairi likizunguka na kujikunja barabarani, kinga hiyo husukumwa kutoka ndani ikaja juu. Likisimama, haiji. Jua na ozoni vinakula ngozi ya nje, mpira unakauka, unakuwa mgumu kama soli ya kandambili iliyosahaulika juu ya bati. Kashata zinabaki zimejaa kwa sababu hazijasuguliwa, na macho yako yanakudanganya. Lami ikiwa kavu hutagundua chochote. Utagundua ikilowa, ukiwa umeshainamisha pikipiki kwenye kona.

Ndiyo maana ninasema bila kusita: iliyotumika kidogo sana ni hatari kuliko iliyotumika vizuri. Pikipiki yenye kilomita 35,000 iliyobadilishiwa matairi mara tatu na mwenyewe akakuonyesha risiti, naichukua mbele ya ile ya kilomita 4,000 iliyolala miaka chini ya mwembe. Na mpira hauishii kwenye tairi. Kuna mabomba ya breki, sili za shokapu za mbele, valvu ya upepo, na zile pete ndogo za mpira ndani ya mnyororo. Vitabu vya Suzuki vinataka mabomba ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 4 na mafuta ya breki kila baada ya miaka 2. Muulize muuzaji lini alibadilisha. Wengi watakuuliza, "Kwani huwa yanabadilishwa?"

Sasa mpangilio wangu, kwa mtu anayeishi Dodoma na kusafiri Iringa, Singida, Babati, mara mojamoja Dar.

Ya kwanza ni Suzuki V-Strom 650 iliyotumika, na ninaipenda waziwazi. Ile niliyoangukia ilikuwa hiyo hiyo, na nilipopona nilinunua nyingine. Pikipiki haikunikosea, mpira ndio ulionikosea. V-Strom 650 ilitoka mwaka 2004, injini yake ya sentimita za ujazo 645 ikitokana na ile ya SV650, pikipiki nyingine ya Suzuki, ya mwaka 1999, kwa hiyo ni injini ambayo mafundi wameijua kwa zaidi ya miaka ishirini. Tafuta ya kuanzia 2012. Tenki lake ni lita 20, na kutoka hapa hadi Iringa, kama kilomita 260, sina haja ya kuweka mafuta njiani. Rimu zake hazitumii tyubu, jambo kubwa sana huku kwetu kwenye miiba ya migunga: unachomoa mwiba, unaziba kwa nje, unajaza upepo, unaendelea bila kufungua gurudumu. Kukaa juu yake saa nne mfululizo mgongo hauumi. Matairi yake ni 110/80 inchi 19 mbele na 150/70 inchi 17 nyuma. Andika namba hizo kwenye simu, kwa sababu maduka ya bodaboda hapa mjini hayana, utaagiza Dar.

Ya pili, Honda CB500X, nayo iliyotumika. Ni nyepesi kuliko Suzuki na haina matata. Chukua ya 2019 kuendelea, ndipo gurudumu la mbele lilipokuwa la inchi 19; za kabla ya hapo zina la inchi 17 na mashimo ya barabara za vumbi utayahisi kwenye viwiko. Mwenye umbo dogo, aanze na hii.

Ya tatu ndiyo mpya, na kwa mpya namaanisha Royal Enfield Himalayan. Ile ya kwanza ya mwaka 2016 ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 411, isiyo na haraka; inayouzwa mpya sasa ni ya 452. Zote gurudumu la mbele ni la inchi 21, linapita juu ya mawe ya njia za Mpwapwa bila kulalamika. Kwa kawaida inatumia tyubu. Utaziba pancha mara nyingi, ila kila kijiji kuna kijana anayejua kuziba tyubu. Faida ya mpya ni kwamba historia yote ni yako. Hasara ni kwamba waagizaji wengi wa pikipiki kubwa wako Dar, na sehemu nyingi hutapata dhamana bila kurudi kwao kwa sevisi, ya kwanza mapema kabisa. Hiyo ni kama kilomita 450 kwenda na nyingine 450 kurudi. Tena mpya nayo isome tairi. Pikipiki inaweza kuwa na sifuri kwenye dashibodi na miaka minne stoo.

Kawasaki Versys 650 ni nzuri kwa lami, magurudumu yote inchi 17, tenki kubwa. Kama huondoki kwenye lami, ipandishe hadi ya pili.

BMW R 1250 GS na Honda Africa Twin nitazisema pamoja. Ni pikipiki za ajabu. GS haina mnyororo, inatumia shafti, na vumbi letu haliigusi. Lakini ina kilo 249, na nimejiuliza ningeiinuaje peke yangu pale Nyang'oro nikiwa na mkono mmoja.

Boxer 150 mpya inafika Iringa, watu wanafika nayo kila siku. Malori yatakupita kwa nguvu na utachoka. Basi.

Sasa wauzaji, maana moyo wangu hautatulia nisiposema. Wanapaka matairi dawa ya kung'arisha. Tairi lililokauka likipakwa linarudi jeusi kama limetoka kiwandani jana, na nyufa ndogo kwenye mifereji zinafunikwa. Futa kwa kitambaa, kisha bonyeza ukucha kwenye ukingo wa kashata. Mpira hai unabonyea na kurudi. Uliokufa haubonyei. Duka moja Dar liliniuzia pea ya matairi "mapya", yana stika na karatasi zake, nikayapokea stendi ya Nzuguni kutoka kwenye basi. Tarehe ilikuwa ya miaka sita nyuma. Nilipopiga simu niliambiwa tairi haliozi kwa sababu halina maziwa ndani. Pesa yangu sikurudishiwa. Tangu siku hiyo silipi kabla ya kutumiwa picha ya zile tarakimu nne.

Na wengine bado wanakutajia bei kwa dola, wakati kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei ya bidhaa kwa fedha za kigeni. Mwambie akutajie kwa shilingi. Dalali akikuomba hela ya usumbufu ili tu ukaione pikipiki, muage. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, naondoka asubuhi, nakagua mwenyewe Dar, narudi jioni.

Tarehe ikiwa mbaya si lazima uiache pikipiki. Piga hesabu ya pea mpya ya matairi na usafiri, mimi mara ya mwisho ilifika laki nane, kisha uikate kwenye bei mbele ya muuzaji huku kidole chako kiko juu ya namba. Muuzaji mmoja wa Msasani, Dar, alinikatalia, akasema ninamtafutia sababu. Mwingine wa Tegeta alichuchumaa, akasoma, akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, sikuwahi kujua," akatoa laki nane zote. Pikipiki hiyo ndiyo ninayopanda sasa. Matairi yake ni 0924 mbele na 1124 nyuma.