Unaagiza mfumo wa mtandaoni? Mfikirie fundi wa pili

Mtu akitaka kutengenezewa mfumo wa duka, wa saccos au wa shule, huuliza kwanza bei, halafu utaisha lini. Mimi humuuliza hivi: fundi wako akipata kazi Dubai mwezi ujao, nani ataufungua? Niliwahi kuletewa mfumo wa duka la dawa wa namna hiyo. Mwenye duka alikuwa na laptopu, folda moja yenye maelfu ya mafaili na namba ya simu isiyopatikana. Domeni, yaani jina la tovuti, iliandikishwa kwa baruapepe ya fundi. Tulianza upya, na akalipa mara mbili.

Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja: fundi wa pili anapatikana kwa urahisi gani, na atachukua muda gani kuelewa alichoacha mwenzake.

1. Laravel

Ni fremuweki, yaani kiunzi kilichokwisha kuandikwa cha kujengea mfumo, ya lugha ya programu ya PHP, iliyotolewa na Taylor Otwell mwaka 2011. PHP yenyewe ni ya 1995 na kila mwaka kuna anayeitangazia msiba, ila fungua akaunti kwa karibu muuza hositingi (nafasi ya kuweka mfumo mtandaoni) yeyote wa Dar au Nairobi na utakuta cPanel ya kuendeshea, PHP na MySQL ya kutunzia data vikikusubiri. Hiyo ndiyo sababu nimeipa nafasi ya kwanza. Kuna nyingine zilizoandikwa kwa ustadi zaidi, lakini hii inakaa popote na wanaoijua ni wengi.

Fundi mgeni huanzia faili moja, routes/web.php. Mle kila anwani ya mfumo imeandikwa pamoja na kipande cha programu kinachoishughulikia. Kabla kikombe cha chai hakijapoa, ramani ya nyumba anayo kichwani. Ubaya wake ni kwamba toleo jipya hutoka kila mwaka, na kila toleo hupata marekebisho ya usalama kwa miaka miwili tu. Andika kwenye mkataba nani atapandisha toleo, na kwa shilingi ngapi.

2. Django

Hii ni fremuweki ya lugha ya Python. Ilizaliwa kwenye gazeti, Lawrence Journal-World la Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Waandishi wa habari hutaka ukurasa leo jioni, na haraka hiyo bado imo ndani yake. Ukishaieleza kwamba kuna mwanachama, hisa, mkopo na rejesho, inakupa papo hapo kurasa za usimamizi: kuongeza, kutafuta, kuchuja, hata kumruhusu karani aone bila kufuta. Kwa saccos, hapo sehemu kubwa ya kazi imeisha.

Nilimkalisha mhasibu mmoja, mama mtu mzima, mbele ya kurasa hizo. Akaingiza mkopo wa kwanza kabla sijamaliza kueleza, kisha akauliza, "Mwanangu, mbona miezi iko kwa Kiingereza?" Nikaandika "sw" kwenye mstari wa lugha katika mipangilio, vitufe na miezi vikageuka Kiswahili. Si kila neno, lakini alitosheka.

Kama kazi yako ni ya kumbukumbu nyingi, ipandishe hii iwe ya kwanza. Chagua toleo la muda mrefu: 5.2 lililotoka Aprili 2025 linahudumiwa hadi Aprili 2028. Nimeiweka ya pili kwa sababu hositingi za bei ya chini mara nyingi haziipokei Python vizuri. Utahitaji seva yako, yaani kompyuta ya kubeba mfumo saa zote, ile wanayoiita VPS, na mtu wa kuitunza.

3. WordPress na WooCommerce

WordPress ni programu ya kutengenezea tovuti, na WooCommerce ni nyongeza yake ya kuuzia bidhaa. Kwa duka la nguo au tovuti ya hoteli, inatosha kabisa. Zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaitumia, kwa hiyo fundi wa pili yuko mtaani kwako. Hesabu plagini tu, yaani nyongeza zilizopachikwa. Zikizidi ishirini, muulize fundi kila moja inafanya nini. Akisitasita, zianze kutoka. Na mtu asikudanganye kujengea saccos humo.

4. React na Next.js juu ya Node

Hizi ni zana za kujengea mfumo kwa lugha ya JavaScript. Hapa najua nitagombana na vijana. Wanaipenda, na kazi za nje zinaitaka, sababu nzuri kwao. Wewe mwenye duka unarithi mfumo unaosimama juu ya mamia ya vifurushi, yaani vipande vya programu, vya watu usiowajua. Mwezi Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kifurushi chake, left-pad, chenye mistari 11 tu, na miradi mingi duniani ikagoma kujengeka siku hiyo. Tena mteja wa Mbagala mwenye simu ya bei poa ndiye anayelipia kwa bando lake JavaScript yote unayomshushia. Kama una ramani ya bodaboda zinazosogea au mazungumzo ya papo kwa papo, ichukue bila wasiwasi. Kwa orodha ya bei za saruji, hapana.

5. Wix na ndugu zake

Hizi ni huduma za kujijengea tovuti ndani ya seva zao. Unapanga chumba. Siku ukihama, tovuti haibebeki kwenda seva nyingine. Kwa harusi ya mwezi ujao, sawa.

Seva nayo isikuchanganye. Usikae kwenye ya bure kama unapokea pesa. Mteja wa M-Pesa anapoweka namba ya siri, majibu ya malipo hutumwa kwenye anwani yako, na seva nyingi za bure hulala zikikosa mgeni. Render, kampuni moja ya seva, huilaza ya bure baada ya dakika 15 bila mgeni. Majibu yakigonga mlango uliofungwa, mteja amelipa na mfumo unasema hajalipa, na utakayetukanwa kaunta ni wewe.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba Afrika Mashariki. Mwenye mfumo ulioko Ujerumani alijua umbali wake siku hiyo. Kama kaunta yako haiwezi kusimama hata saa mbili, uliza seva ya hapa nchini, na uwe na daftari chini ya meza.

Siku ya kukabidhiwa, usimalizie malipo kwa simu. Kaa na fundi. Domeni iwe kwa jina la biashara yako na baruapepe yako. Mwambie arudishe bakapu (nakala ya akiba) ya jana kwenye kompyuta tupu mbele ya macho yako, mfumo uwake. Kisha badilisha nywila zote yeye akiwa bado ameketi hapo, ndipo umhesabie salio.