Sanamu ya ukutani inayouzwa kama "Lilith": kazi nzuri, jina la kuazima

Ukitafuta sanamu ya Lilith mtandaoni, aghalabu utaletewa umbo lilelile: mwanamke uchi mwenye mabawa yaliyoshuka na miguu ya ndege, amesimama juu ya simba wawili, bundi mmoja kila upande. Miongoni mwa wanunuzi wake ni wanawake wanaotaka alama ya kujitawala, na maelezo ya wauzaji hayatofautiani: huyu ndiye mke wa kwanza wa Adamu, alikataa kulala chini ya mume, akaondoka zake. Tunayoipima hapa ni nakala ya resini (plastiki ya kumimina kwenye kalibu) yenye urefu wa sentimita 30.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo mnunuzi anapouziwa mbuzi kwenye gunia. Umbo hili limenakiliwa kutoka bamba la udongo wa kuchoma la Mesopotamia (Iraki ya leo), la kati ya 1800 na 1750 KK. British Museum, jumba la makumbusho la London, ililinunua mwaka 2003 na kuliita Malkia wa Usiku. Hadithi ya kukataa kulala chini inatoka kwingine kabisa: imo katika Alfabeti ya Ben Sira, maandishi ya Kiebrania ya Zama za Kati, zaidi ya miaka 2,000 baadaye. Walioanza kuliita bamba hili Lilith, miaka ya 1930, waliegemea bundi, mabawa na kifungu cha hadithi ya Gilgamesh, shujaa wa kale wa Mesopotamia, kinachomtaja pepo wa kike aliyekaa ndani ya mti. Leo wataalamu wengi humwona Ishtar, mungu wa kike wa mapenzi na vita, au dada yake Ereshkigal, malkia wa kuzimu. Ushahidi uko kichwani pake: taji la pembe, ambalo Mesopotamia ni vazi la miungu, pepo hawavikwi. Mikononi ana pete na fimbo, nazo ni alama za mamlaka ya kimungu.

Je, alama imeharibika? Kwetu, hapana. Ishtar naye hakuwa mtu wa kuomba ruhusa. Ila anayemtaka Lilith hasa aisome hadithi yake hadi mwisho. Wauzaji huikata pale anaporuka angani. Inaendelea hivi: malaika watatu wanamfuata hadi baharini, anakataa kurudi, lakini anasema aliumbwa kuwadhuru watoto wachanga, na anakubali watoto wake 100 wafe kila siku. Ukimtundika sebuleni, mgeni aliyesoma atakuuliza habari hiyo.

Sasa bidhaa yenyewe. Bamba la asili lina urefu wa sentimita 49.5, upana 37, na unene wa 4.8 pale panapotokeza zaidi. Kwa hiyo nakala ya sentimita 30 inapaswa kuwa na upana wa kama 22.4 na unene unaokaribia 3. Ikiwa muuzaji ameandika unene wa sentimita 1, umbo limelazwa: uso utakuwa bapa na mapaja hayatatoa kivuli, hata picha ya tangazo ikidanganya kwa taa ya pembeni. Omba picha ya ubavuni kabla ya kulipa.

Kasoro za resini hujitokeza palepale kila mara. Pembe za taji huungana zikawa bonge, kwa sababu kalibu ya silikoni imetumika mno na mistari yake imelika. Viputo vya hewa huacha vishimo kwenye midomo ya bundi na kucha. Rangi nzito ya "shaba" huziba michirizi ya manyoya ya mabawa, na hapo ndipo kazi nyingi za bei rahisi hufia. Rangi hiyo, kwa kweli, haina asili yoyote: bamba lilipakwa nyekundu mwilini, nyeusi kwenye sehemu bapa iliyo nyuma yake, na simba walikuwa weupe wenye manyoya meusi ya shingoni. Nakala isiyopakwa rangi ni bora. Utaipaka mwenyewe kwa akriliki, tabaka jembamba mara mbili, baada ya kuiosha kwa maji na sabuni ili kuondoa mafuta ya kalibu.

Safarini huvunjika kona za nakala. Gundi ya epoksi ya sehemu mbili, kipimo sawa kwa sawa, inashika vizuri. Gundi ya papo kwa hapo hukauka ikawa ngumu isiyonyumbuka, na kipande huachia kikigongwa.

Iliyojaa resini hufikia kilo moja na nusu au zaidi, hivyo msumari mmoja hautoshi. Toboa kwa drili ya milimita 6, tia plagi na skrubu mbili. Isikae penye jua la moja kwa moja, resini hugeuka manjano.

Na wale bundi. Kwa familia nyingi za huku kwetu bundi ni mkosi, na hapa wapo wawili, macho wazi, wakitazama mlango. Chumbani itazua maneno machache kuliko sebuleni.